Mbunge, Mpiga Ramli na Sheria ya 1928: Juhudi za Al-Shaymaa Kwegyir na Nchi ya Dhahabu ya Usukuma

Bugarama ni kata iliyo katika nchi ya Msalala, kaskazini ya mji wa Kahama, mkoani Shinyanga, jirani na mgodi mkubwa wa dhahabu wa Bulyanhulu. Mbele yake, kuelekea Ziwa Victoria, ni nchi ya Geita. Mpaka utenganao mikoa hiyo miwili ni wa juzi tu, kwa kuwa Mkoa wa Geita uliundwa mwaka wa 2012 kwa kukusanya wilaya zilizotoka katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Lakini wenyeji wa pande zote mbili ni wamoja kwa lugha, kwa kilimo na kwa ufugaji. Na tangu wachimbaji wadogo walipoanza kumiminika humo, ni wamoja pia kwa kazi ya shimo. Hali kadhalika wamekuwa wamoja katika msiba. Kwa muda wa nusu karne nchi hii imeshuhudia mauaji ya aina mbili yaliyotokana na imani: kwanza mauaji ya vikongwe waliodhaniwa kuwa wachawi, na baadaye mauaji ya watu wenye ualbino ambao viungo vyao vilitafutwa kwa ajili ya dawa za bahati.

Mwezi wa Aprili 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Bi. Al-Shaymaa Kwegyir kuwa Mbunge. Alikuwa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuingia katika Bunge la Tanzania. Historia ya juhudi zake haiwezi kufahamika vema bila ya kutazama kwanza maneno na sheria alizozikuta, kwa sababu vita aliyoingia ilikuwa imekwisha kupiganwa miaka themanini, na ilikuwa imepiganwa kwa silaha isiyolenga shabaha.

Tuanze na maneno. Kiswahili hutenga mchawi na mganga: wa kwanza hudhuru kwa siri, wa pili huponya kwa dhahiri. Kisukuma nacho hutenga nogi na nfumu, na kazi zao huitwa bulogi na bufumu. Kati ya hao wawili yupo mtu wa tatu, naye ni mpiga ramli. Neno ramli limetoka katika Kiarabu na asili yake ni mchanga, maana waaguzi wa pwani walichora alama zao mchangani. Katika Usukuma mwaguzi aghalabu alimpasua kuku na kusoma matumbo yake. Kazi ya mpiga ramli si kuloga wala si kutibu, bali ni kutaja. Mgonjwa humwendea kuuliza ni nani aliyemdhuru, na mpiga ramli humjibu kwa kumwonyesha jirani, shangazi au mke wa baba. Methali ya pwani husema, mchawi mpe mwana kulea. Yaani anayeshukiwa apewe dhamana mbele ya watu, ili aogope kuivunja. Hiyo ni hekima ya kumfunga mshukiwa kwa uaminifu. Ramli hufanya kinyume chake: humtenga mshukiwa na watu, na aliyetengwa ni rahisi kuuawa.

Serikali ya Kiingereza katika Tanganyika ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka wa 1928. Haikuwa ya pekee, kwani Kenya ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka wa 1909. Sheria ya Tanganyika iliukusanya uchawi, uaguzi, matumizi ya vifaa vya uchawi na hata kudai elimu ya mambo ya siri, ikavitia vyote chini ya jina moja. Ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mshukiwa ahame mahali pake akakae pengine. Watunga sheria walifikiri kwamba kwa njia hiyo wanaikomesha imani. Lakini mwanakijiji aliyeiona sheria ile ikitumika aliielewa kwa namna yake: ikiwa Serikali inamhamisha mchawi, basi Serikali nayo inakiri kwamba wachawi wako. Tena, kwa kuwa sheria haikuwapambanua vizuri mganga wa mitishamba, mwaguzi na mlozi, ilimtisha aliyekuwa na manufaa pamoja na aliyekuwa na madhara, na katika kutishwa wote wakajificha mahali pamoja.

Baada ya Uhuru watemi waliondolewa katika utawala, mwaka wa 1963, na pamoja nao likaondoka baraza la zamani la kusikiliza mashtaka ya uchawi. Katika miaka ya 1970 watu waliokuwa wakiishi mbalimbali, kila mji na shamba lake, walikusanywa katika vijiji. Majirani ambao zamani walitenganishwa na mashamba sasa walitenganishwa na ua tu. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Simeon Mesaki, aliyeichunguza habari hii kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba kati ya mwaka wa 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa nchini Tanzania kwa sababu ya tuhuma za uchawi; wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukuma. Alama iliyotajwa sana ilikuwa macho mekundu. Kwamba macho ya mwanamke aliyepika maisha yake yote kwa kuni na samadi kavu, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, hayana budi kuwa mekundu, ni jambo ambalo halikutiliwa maanani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika wilaya za Kahama na Shinyanga kulizuka jeshi la jadi la Sungusungu, lililowaunganisha wanavijiji dhidi ya wezi wa ng'ombe. Liliwapiga wezi kwa ushujaa, nayo Serikali ikalikubali na hatimaye kulitambua katika sheria mwaka wa 1989. Walakini Sungusungu ilikuwa na waganga wake, na mara nyingine nguvu ileile iliyomfukuza mwizi ilimfukuza kikongwe. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa sababu linaonyesha kwamba imani hii haikuwa ya watu waovu peke yao. Ilikaa ndani ya mipango ileile ambayo watu walijilinda nayo.

Dhahabu ndiyo iliyoleta sura mpya. Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi mgodi wake wa zamani ulipofungwa mwaka wa 1966. Wachimbaji wadogo waliingia kwa wingi katika miaka iliyofuata, na Bulyanhulu ikawa mahali pa maelfu ya watu wenye majembe na kamba. Mwaka wa 1996 waliondolewa hapo ili kampuni ya kigeni ichukue eneo; mgodi mpya wa Geita ukaanza kazi mwaka wa 2000, na wa Bulyanhulu mwaka wa 2001. Wachimbaji waliobaki walitawanyika katika vichimbo vidogo vilivyozunguka migodi hiyo, na bei ya dhahabu duniani ilipopanda waliongezeka. Kazi ya mchimbaji mdogo haina kipimo. Huenda akachimba mwaka mzima asipate kitu, na mwenzake aliye hatua kumi kutoka kwake akatajirika kwa siku moja. Mtu aliye katika hali hiyo huuliza kwa nini, na aliyekuwa tayari kumjibu alikuwa mganga wa bahati. Deborah Fahy Bryceson na wenzake, katika uchunguzi waliouchapisha mwaka wa 2010, waliyahusisha mauaji ya watu wenye ualbino na soko hili la hirizi katika machimbo. Wavuvi wa Ziwa nao walitajwa kuwa wanunuzi.

Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo kati ya msiba wa kwanza na wa pili. Kikongwe aliuawa kwa sababu alihofiwa. Mtu mwenye ualbino aliuawa kwa sababu alitamaniwa. Katika tukio la kwanza muuaji alidhani anaondoa dhara, katika la pili alijua kwamba anafanya biashara. Lugha ya mitaani ilidhihirisha jambo hili kwa neno moja tu, pale ambapo watu wenye ualbino walianza kuitwa "dili".

Mapema mwaka wa 2008 ilihesabiwa kwamba watu wenye ualbino wasiopungua 19 walikuwa wameuawa katika muda wa mwaka mmoja, wengi wao katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Ndipo Rais alipomteua Bi. Kwegyir. Magazeti ya nje yaliliandika jina lake kwa namna nyingine, Kway-Geer, na kwa jina hilo sifa yake ikaenea mbali. Katika mahojiano ya mwaka ule alisimulia kwamba alipokuwa shule ya msingi wenzake walimcheka, na baadhi yao waliogopa kumgusa wakidhani kwamba rangi yake ingewaambukiza. Maneno hayo yalikuwa na uzito kwa sababu ya mahali aliposimama aliyeyasema. Ilikuwa imani ya zamani katika sehemu nyingi za nchi kwamba mtu mwenye ualbino hafi, bali hutoweka. Imani hiyo ilimfanya kuwa nusu jini. Na asiyehesabiwa kuwa mtu, kumuua hakuhesabiwi kuwa mauaji. Mbunge anayesimama, anayeuliza swali, anayetajwa kwa jina lake, na ambaye Waziri analazimika kumjibu kwa "Mheshimiwa", aliivunja hoja hiyo kabla hajasema neno lolote juu ya mauaji.

Neno lenyewe lilibadilika katika miaka hiyo. Zeruzeru, jina la zamani katika Kiswahili, lilikuwa limechukua kejeli. Albino lilionekana kumfunga mtu katika ngozi yake. Taratibu likaingia katika hotuba na katika maandishi ya Serikali tamko "mtu mwenye ualbino", na mahali pengine "mlemavu wa ngozi". Wasomi wa lugha huweza kusema kwamba kubadili jina si kubadili hali, na ni kweli. Lakini katika habari hii jina lilikuwa sehemu ya hatari, maana "dili" halina mama wala kaburi, na "mtu" anavyo vyote viwili.

Waziri Mkuu Mizengo Pinda alizuru Kanda ya Ziwa mwezi wa Januari 2009 akatangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Katika ziara ile alisema pia kwamba wanaokamatwa wakiua watu wenye ualbino nao wauawe. Matamshi hayo yalizua ubishi mkubwa, na alipotakiwa kuyaeleza mbele ya Bunge, Dodoma, mwishoni mwa mwezi uleule, Waziri Mkuu alilia hadharani. Mwezi wa Machi Serikali iliwaita wananchi wapige kura za siri kuwataja washukiwa. Njia hii ilifanana kwa umbo na ile iliyotaka kuikomesha: watu walialikwa kutaja majina ya majirani zao bila ya kuonekana. Hapakuwa na ramli, lakini palikuwa na karatasi. Na jina lililotajwa lilihitaji ushahidi uleule ambao polisi walikuwa wameukosa tangu hapo.

Njia ya mahakama ilikuwa ya polepole lakini imara zaidi. Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikikaa Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mvulana mmoja mwenye ualbino wilayani Bukombe mwezi wa Desemba 2008. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna yake nchini, na ilitolewa katika mji ambao Bugarama iko chini ya wilaya yake. Katika hukumu kama hiyo kosa lilikuwa mauaji, si uchawi. Mahakama haikuhitaji kuamua kama hirizi huvuta dhahabu au haivuti. Ilihitaji kujua nani alishika panga. Hapo sheria ya kawaida ya jinai ilifanya kazi ambayo sheria ya 1928 haikuweza kuifanya.

Katika uchaguzi wa mwaka wa 2010 jambo jipya lilitokea: Salum Khalfan Barwany, wa Chama cha Wananchi, alichaguliwa na wapiga kura wa Lindi Mjini, akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa jimboni. Bi. Kwegyir naye alirudi bungeni kwa viti maalumu vya Chama cha Mapinduzi. Hivyo sauti moja ikawa mbili, tena za vyama viwili, na ikawa vigumu kwa yeyote kusema kwamba habari hii ni hisani ya Rais au ni siasa ya upande mmoja. Mwaka uleule Bunge lilipitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Sensa ya mwaka wa 2012 iliwahesabu watu wenye ualbino kwa mara ya kwanza, ikapata 16,477. Kuhesabiwa nako kulikuwa ushindi, kwani kitu kinachotoweka hakiwezi kuhesabiwa. Nje ya nchi, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliiweka tarehe 13 Juni kuwa siku ya kimataifa ya ualbino, kwa azimio la mwezi wa Desemba 2014.

Lakini azimio hilo lilipokuwa likipitishwa, hatari ilikuwa inarudi. Mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015 watoto wawili walitekwa nyara, mmoja wilayani Kwimba na mwingine wilayani Chato, katika Mkoa mpya wa Geita. Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli mwezi wa Januari 2015, na polisi wakawakamata waganga zaidi ya 200 wasio na leseni. Mwezi wa Machi Mahakama Kuu ya Mwanza iliwahukumu kifo watu wanne, mume wa marehemu akiwa mmoja wao, kwa mauaji ya mwanamke mwenye ualbino yaliyofanywa Geita mwaka wa 2008. Kati ya kosa na hukumu ilikuwa imepita miaka saba. Katika miaka hiyo watoto wengi walikwisha kukusanywa katika vituo, kama Buhangija ya Shinyanga, ili walindwe. Waliokoka, ila waliishi mbali na wazazi wao, na baadhi yao walikua bila ya kujua kwao. Watu wasio na kosa ndio waliokaa nyuma ya ukuta.

Miaka saba ya juhudi za bungeni, basi, ilifanya nini? Kwanza, ilihamisha lawama. Sheria ya 1928 ilimtazama mchawi, yaani mtu asiyeonekana. Kuanzia 2008 macho ya taifa yaliwekwa juu ya mpiga ramli, muuaji na mnunuzi, ambao ni watu wenye majina na nyumba. Pili, ilifungua mlango wa utawala: mwezi wa Desemba 2015 Dr. Abdallah Possi aliteuliwa kuwa Naibu Waziri, wa kwanza mwenye ualbino. Jambo ambalo halikufanyika ni kumfikia mnunuzi. Waliosimama kizimbani walikuwa zaidi wale walioshika panga, pengine na mganga aliyewatuma. Mwenye fedha, ambaye bila yake pasingekuwa na soko, alibaki katika minong'ono. Wala katazo la mara kwa mara halikutofautisha vya kutosha. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka wa 2002 ilikwisha kumpa mganga wa mitishamba nafasi halali na baraza la kumsimamia. Lakini kila leseni zilipofutwa kwa jumla, mwenye mizizi na mwenye ramli walitiwa tena kapu moja, kama mwaka wa 1928.

Nchi jirani zimekutana na swali lilelile kwa sura nyingine. Huko Kanungu, Uganda, mwezi wa Machi 2000, mamia ya wafuasi wa dhehebu moja waliangamia katika moto. Huko Shakahola, Kenya, mwaka wa 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofunzwa kufunga hadi kufa, na Seneti ikaunda kamati iliyoongozwa na Seneta Danson Mungatana kuchunguza jinsi madhehebu yanavyopaswa kusimamiwa. Huko aliyetuhumiwa alikuwa mhubiri. Usukuma alikuwa mwaguzi. Katika kila nchi mtunga sheria hujikuta katikati ya makosa mawili. Akiishtaki imani, humgusa kila mwenye kuamini na humfanya mwovu kuwa shahidi wa dini. Akinyamaza kwa heshima ya imani, humwacha mnyonge mikononi mwa mwenye kumla. Njia iliyobaki ni nyembamba: kuiacha imani moyoni mwa mwenyewe, na kulishika tendo pale linapomgusa mwingine.

Njia hiyo haijamalizika kupitwa. Mwezi wa Juni 2024 mwili wa mtoto mwenye ualbino, wa umri wa miaka miwili na nusu, ulipatikana wilayani Muleba, mkoani Kagera, na miongoni mwa waliokamatwa alikuwamo padri. Mwezi wa Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha, iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki za watu wenye ualbino, na pamoja na mengine ikaagiza Sheria ya Uchawi irekebishwe ili iondolewe utata kati ya uchawi na tiba ya jadi. Kwa hiyo maneno yaliyochanganywa na Waingereza katika mwaka wa 1928 yangali yakingoja kuchambuliwa. Kazi hiyo ni ya wanasheria, lakini ni ya wataalamu wa lugha pia. Bunge litakapokaa kuandika upya maana ya mchawi, ya mganga na ya mpiga ramli, litahitaji kujua maneno hayo yana maana gani kwa watu wa Bugarama wanaoyatumia kila siku, na ni lipi kati yake ambalo, likitamkwa usiku juu ya jirani, huleta panga alfajiri.